Programu inapoleta jina lisilo sahihi: kutatua matatizo ya utafutaji katika maktaba za spektra za masi

Programu ya kutafuta katika maktaba ya spektra za masi huleta majina hata pale ambapo haikupaswa kuleta lolote. Spektra ya masi ni orodha ya ioni, yaani vipande vyenye chaji vya molekuli, kila kimoja na masi yake na wingi wake (hapa kila ioni itatajwa kwa masi yake), na maktaba ni mkusanyo wa spektra za kampaundi zinazojulikana. Kazi ya programu ni kupima mfanano: huichukua spektra uliyoipa, huilinganisha na zile zilizohifadhiwa, kisha huyapanga majina kuanzia lile lenye mfanano mkubwa zaidi. Ikiwa spektra yako imechafuka, au ikiwa kampaundi unayoitafuta haimo kabisa katika maktaba, orodha itakuja vilevile, na jina la kwanza litaonekana kama limekwisha kuthibitishwa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na spektra inayopelekwa kutafutwa na kuifikia maktaba baadaye, kwa kuwa makosa mengi inayosingiziwa maktaba huwa yametokea kabla programu haijafunguliwa.

Mifano mingi imetolewa katika GC-MS, yaani kromatografi ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi, ambamo bomba jembamba liitwalo kolamu huzitenganisha kampaundi na kila inayotoka huonekana kama kilele, ikitumia programu ya MS Search ya taasisi ya NIST ya Marekani pamoja na AMDIS, programu ya kutenganisha spektra zilizochanganyikana, ambayo taasisi hiyo huitoa bure. Sampuli tutakayoirudia ni mafuta ya karafuu. Ni zao la Unguja na Pemba ambalo maabara nyingi za ukanda huu hulipokea, na kwa bahati nzuri kwa mwalimu, na mbaya kwa mchambuzi, mafuta hayo huibua karibu kila tatizo litakalotajwa hapa.

Namba tatu za kusoma kabla ya jina

MS Search hutoa alama ya ulinganifu kati ya 0 na 999. Kwa mujibu wa maelezo ya NIST, alama ya 900 na kuendelea ni bora sana, 800 hadi 900 ni nzuri, 700 hadi 800 ni ya wastani, na iliyo chini ya 600 ni duni mno. Namba ya pili ni ulinganifu wa kinyume, ambao hukokotolewa kwa kuziacha ioni zilizomo katika spektra yako lakini hazimo katika ile ya maktaba. Ya tatu ni uwezekano, kwa asilimia, na hii ndiyo isomwayo vibaya kuliko zote: hukokotolewa kwa kuchukulia kwamba kampaundi imo katika maktaba, na hutegemea pengo lililopo kati ya jina la kwanza na yanayolifuata. Haijui chochote kuhusu kampaundi ambazo hazijawahi kuwekwa humo.

Zikisomwa pamoja, namba hizi hueleza aina ya tatizo. Alama ikiwa ndogo na ulinganifu wa kinyume ukiwa mkubwa, spektra yako ina ioni za ziada. Zote mbili zikiwa ndogo, ama ala ina kasoro ama kampaundi haimo. Alama ikiwa kubwa huku uwezekano ukiwa mdogo, unashughulika na isoma, yaani kampaundi zenye fomula moja lakini muundo tofauti.

Dalili: hata kampaundi unazozijua zinapata alama ndogo

Kabla ya kuhangaika na sampuli, dunga kampaundi unayoijua, safi na kwa kiasi kidogo, kisha itafute. Ikiwa eujenoli safi, kiambato kikuu cha mafuta ya karafuu, inapata alama ya 720, hakuna sababu ya kuamini majina yatakayotoka katika mafuta yenyewe, na tatizo liko kwenye ala au kwenye namna ilivyopangwa.

Angalia kwanza urekebishaji wa mizani ya masi kwa kutumia PFTBA, kimiminika ambacho ioni zake za 69, 219 na 502 hutumiwa na karibu watengenezaji wote. Usitosheke na ripoti inayosema kwamba urekebishaji umefaulu. Angalia uwiano wa isotopu: ioni ya 70 iwe karibu asilimia 1.1 ya 69, ya 220 karibu asilimia 4.3 ya 219, na ya 503 karibu asilimia 10 ya 502, kwa kuwa ioni hizo zina kaboni moja, nne na tisa mtawalia. Uwiano huo ukiharibika, upana wa ioni au mizani ya masi imeyumba. Ioni ya 502 ikiwa karibu kutoweka, ioni nzito za kampaundi zako nazo zitakuwa zimefifia, na programu itapendelea kampaundi nyepesi zenye vipande vinavyofanana. Mara nyingi chanzo cha ioni kinahitaji kusafishwa.

Pili, tafuta uvujaji wa hewa. Ioni za 28 na 32 zikionekana kwa uwiano wa karibu nne kwa moja, hewa inaingia. Ioni ya 18 peke yake ni maji, na huwa nyingi baada ya ala kufunguliwa na kufungwa karibuni, kwa hiyo ipe muda kabla ya kuanza kukaza nati.

Tatu, angalia masi ulizoagiza zisomwe. Watu wengi huanza skani, yaani usomaji mmoja wa masi zote zilizoagizwa, kwenye 50 ili kuepuka hewa na kiyeyushi, jambo linaloeleweka, lakini hapo ioni za 41 na 43 zinakosekana katika spektra yako ilhali katika maktaba zimo, tena kwa wingi. Ama anza skani kwenye 40 au chini kidogo, ama iambie programu mahali spektra yako inapoanzia ili isikuhesabie kukosekana kwa ioni ambazo hukuzisoma.

Nne, kumbuka kwamba maktaba kubwa za GC-MS zimejengwa kwa spektra za mgongano wa elektroni wenye nishati ya elektrovolti 70. Ukipunguza nishati ili kuilinda ioni ya molekuli, yaani ile ya molekuli nzima isiyovunjika, usishangae alama zikishuka. Spektrometa za mtego wa ioni nazo zinaweza kuonyesha ioni iliyo juu ya ioni ya molekuli kwa moja, kwa sababu molekuli na ioni hupata nafasi ya kuathiriana ndani ya mtego. Na maabara zilizoacha heli kwa sababu ya bei na kuhamia hidrojeni zinakabiliwa na jambo jipya: hidrojeni huweza kuathiriana na kampaundi ndani ya chanzo cha ioni chenye joto, mfano unaojulikana sana ukiwa nitrobenzini, ambayo kwa sehemu hugeuka kuwa anilini. Hapo programu haijakosea, kwani inaisoma kwa usahihi kampaundi iliyotengenezwa na ala.

Dalili: alama ni ndogo, ulinganifu wa kinyume ni mkubwa

Spektra ina wageni. Wageni wa kawaida kabisa ni siloksani, kampaundi za silikoni, zenye ioni za 73, 207, 281 na 355. Zikipanda polepole pamoja na joto la tanuri na kubaki juu mwishoni mwa mbio, yaani uchambuzi mmoja, ni kolamu yenyewe inayochakaa au iliyopashwa joto kupita kiasi. Zikitokea kama vilele vilivyojitenga, shuku septamu ya mlango wa kudungia au kifuniko cha kichupa. Katika orodha ya majina utaona siklotrisiloksani na ndugu zake, na kuna ripoti za mimea ambamo majina hayo yameorodheshwa kama viambato vya majani au mizizi. Mmea hautengenezi gundi ya kolamu. Ioni kuu ya 149 ni ishara ya ftalati kutoka kwenye plastiki, na mfululizo wa 43, 57, 71 na 85 ni wa hidrokaboni, pengine grisi au mafuta ya pampu. Dunga sampuli tupu iliyopitia hatua zote za maandalizi, kwa kuwa kiyeyushi peke yake hakitaonyesha uchafu ulioingia wakati wa kuchuja.

Usuli, yaani ioni zinazokuwapo hata pasipo kilele, hutolewa kwa kuchukua wastani wa skani zilizo kabla au baada ya kilele na kuupunguza kutoka kwenye spektra ya kilele. Chagua eneo hilo kwa macho yako. Ukichagua sehemu ambayo ina mkia wa kilele jirani, utaondoa ioni ambazo ni mali halali ya kampaundi yako, na spektra itakayobaki itaonekana safi kumbe imekatwa viungo.

Mgeni akiwa kampaundi nyingine inayotoka kolamuni wakati uleule, kupunguza usuli hakusaidii. Katika mafuta ya karafuu, humulini na isoeujenoli aina ya trans zina faharasa (namba inayoeleza muda wa kutoka kolamuni, itakayofafanuliwa baadaye) zinazokaribiana sana kwenye kolamu zisizo za polari zenye asilimia 5 ya fenili, zote mbili zikiwa karibu na 1,450. Chora ioni ya 93 na ioni ya 164 kila moja kwa mchoro wake. Vilele vyake vikifikia upeo katika skani tofauti, una kampaundi mbili, na AMDIS inaweza kuzitenganisha kwa kuangalia ni ioni zipi zinazopanda na kushuka pamoja. Vikifikia upeo katika skani ileile, hakuna hesabu itakayozitenganisha. Badilisha mpango wa joto au aina ya kolamu.

AMDIS nayo ina matatizo yake. Ikipewa unyeti mkubwa katika mipangilio, huvunja kilele kimoja chenye mkia kuwa kampaundi tatu au nne, kila moja ikiwa na jina lake. Ukiona majina manne ndani ya kilele kimoja kilicho laini, punguza unyeti, ongeza sharti la umbo la kilele, na uhakikishe kwamba upana wa kilele uliouandika, ambao huhesabiwa kwa skani, unakaribiana na upana halisi wa vilele vyako.

Dalili: jina linabadilika kulingana na mahali ulipobofya

Spektrometa ya kwadrupoli husoma masi moja baada ya nyingine, na wakati inaposoma, kiasi cha kampaundi kinachoingia kinabadilika. Kwenye mteremko wa kupanda, ioni zinazosomwa mwishoni mwa skani huonekana nyingi kuliko zilivyo, na kwenye mteremko wa kushuka hali hugeuka. Dawa yake ni kupata angalau skani nane hadi kumi katika kila kilele, kisha kutafuta kwa wastani wa kilele kizima badala ya skani moja. Kama skani ni chache, fupisha masafa ya masi au ongeza kasi ya usomaji.

Kuna kisababishi kingine cha dalili hiihii, na katika karafuu ndicho cha kawaida zaidi. Eujenoli mara nyingi ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta hayo. Anayetaka kuviona viambato vidogo huongeza kiasi anachodunga, na eujenoli hukijaza kigunduzi hadi ioni ya 164 inagota na kushindwa kuongezeka, huku ioni ya 149, ambayo kwa kawaida ni karibu theluthi yake, ikiendelea kupanda pamoja na 131, 103 na 77. Katikati ya kilele uwiano unaharibika na alama inashuka, ilhali kwenye kingo alama ni nzuri. Kilele chenyewe hupata umbo la pezi la papa, upeo wake huchelewa, na faharasa yake hukua bila sababu ya kikemia. Dunga sampuli mara mbili, moja nzito kwa ajili ya viambato vidogo na moja iliyozimuliwa sana kwa ajili ya eujenoli, na usijaribu kupata yote katika mbio moja.

Dalili: alama ni kubwa sana, lakini majina matano yanagombea

Hapa ndipo wengi hukimbilia kununua maktaba kubwa zaidi, wakati fedha hiyo ingefaa zaidi kununulia mchanganyiko wa alkani. Maktaba ya NIST tayari ina kampaundi zaidi ya 300,000, na kuongeza nyingine hakutatenganisha pinini ya alfa na sabinini, ambazo zote zina ioni kuu ya 93 na ioni ya molekuli ya 136. Vivyo hivyo eujenoli na isoeujenoli: zote zina fomula C10H12O2, zote zina 164 kama ioni kuu, na zote zinaweza kupata alama zaidi ya 900 dhidi ya spektra moja. Mgongano wa elektroni huzivunja isoma hizi karibu kwa namna moja, kwa hiyo habari inayozitofautisha haimo katika spektra hata kidogo. Imo katika muda ambao kampaundi ilikaa kolamuni.

Muda huo kwa dakika hauna maana nje ya maabara yako, na ndiyo sababu hugeuzwa kuwa faharasa. Mwanakemia Kovats aliipendekeza mwaka 1958 kwa joto lisilobadilika, na van den Dool na Kratz wakaipanua mwaka 1963 kwa mbio ambamo joto linapanda, ambazo ndizo zinazotumika katika kazi nyingi za mafuta ya mimea. Dunga mchanganyiko wa alkani za kawaida kwa mpango uleule wa joto. Tuseme alkani yenye kaboni 13 imetoka dakika ya 20.00, yenye kaboni 14 dakika ya 22.50, na kampaundi yako dakika ya 21.45. Kutoka 20.00 hadi 21.45 ni 1.45, ukigawanya kwa 2.50 unapata 0.58, na kwa kuwa alkani yenye kaboni 13 huhesabiwa 1,300, faharasa ni 1,358. Kwenye kolamu ya asilimia 5 ya fenili, eujenoli hutoka karibu na 1,360, isoeujenoli aina ya cis karibu na 1,406, na ile ya trans karibu na 1,450. Mjadala umekwisha bila kuigusa alama ya ulinganifu.

NIST imekuwa ikiweka faharasa ndani ya maktaba yake tangu toleo la 2005, na MS Search inaweza kuagizwa ipunguze alama ya jina ambalo faharasa yake iko mbali. Kosa la kawaida ni kuchanganya aina za kolamu. Faharasa ya eujenoli kwenye kolamu ya polietilini glikoli huvuka 2,100, kwa hiyo anayelinganisha thamani yake ya 1,358 na orodha ya kolamu hizo atalikataa jina sahihi. Kwenye kolamu zisizo za polari, tofauti ya hadi 10 kati ya thamani yako na ya vitabu inakubalika. Ikizidi 20, ninaona ni sababu ya kutosha ya kulitupa jina hata kama alama ni 950.

Dalili: jina ni sahihi, lakini kampaundi haikuwemo katika sampuli

Mlango wa kudungia una joto la nyuzi 250 au zaidi, na baadhi ya kampaundi hazilihimili, hasa pale ambapo bomba la kioo lina mabaki ya sampuli za zamani. DDT, dawa ya kuua wadudu, ni mfano unaojulikana: kwenye mlango mchafu huvunjika kuwa DDE na DDD, ambazo pia hutokana na kuoza kwake udongoni, nawe ukaripoti kwamba udongo una dawa iliyooza kwa miaka mingi kumbe imeozea ndani ya ala yako. Tatizo linaongezeka kwa sababu spektra za DDT na DDD zinafanana mno, zote zikiwa na 235, 237 na 165, na juu ya hayo DDD ya p,p' na DDT ya o,p' mara nyingi hutoka pamoja kwenye kolamu za asilimia 5 ya fenili. Dunga DDT safi peke yake. Taratibu za wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, hazikubali uvunjikaji unaozidi asilimia 20. Ukizidi, badilisha bomba la kioo na ukate sehemu ndogo ya mwanzo wa kolamu.

Ukitumia vitendanishi vya kuongeza kikundi cha trimethilsilili, ioni za 73 na 147 zitakuwa kila mahali, na sukari moja inaweza kutoa vilele viwili au zaidi vyenye jina lilelile. Huo si ubovu wa programu.

Dalili: baada ya kubadilisha faili, matokeo yanaharibika

Angalia namna masi zinavyofanywa namba kamili. Alkani yenye kaboni 33 ina masi ya 464.53, na ukikadiria kwa kanuni ya kawaida unapata 465, wakati maktaba ina 464. Programu nyingi huruhusu mpaka wa kukadiria usogezwe hadi 0.7, na kwa hidrokaboni nzito usogeze. Ukitengeneza maktaba yako katika muundo wa faili wa MSP, hakikisha kila spektra inatajwa idadi ya ioni zake na kutenganishwa na inayofuata kwa mstari mtupu. Kwa data za azimio kubwa zinazobadilishwa kwa msConvert, programu ya kubadilisha faili ya mradi wa ProteoWizard, kichujio cha kuteua vilele lazima kiwe cha kwanza katika orodha. Kikitanguliwa na kingine, algoriti ya mtengenezaji wa ala haitumiki.

Spektra za vipande katika kromatografi ya kimiminika

Matatizo ya huku yana sura nyingine, kwa kuwa hakuna nishati moja ya kawaida iliyokubaliwa na wote. Spektra iliyochukuliwa kwa nishati ndogo ya mgongano haitafanana na ya nishati kubwa hata kama kampaundi ni moja, kwa hiyo soma nishati iliyoandikwa kwenye kila rekodi ya maktaba za mtandaoni za MassBank au GNPS kabla ya kulikataa jina. Angalia pia aina ya ioni. Kafeini iliyopokea protoni huonekana kwenye 195.088 na hutoa kipande cha 138.066, iliyoshika sodiamu huonekana kwenye 217.070, huvunjika kwa shida, na ikitafutwa kana kwamba ni ioni ya protoni italeta majina ya kampaundi nyingine kabisa.

Mpangilio wa kawaida wa GNPS hudai alama ya kosaini (kipimo cha mfanano kati ya 0 na 1) ya 0.7 na ioni sita zinazolingana. Kwa molekuli ndogo zinazotoa vipande vitatu au vinne tu, sharti la pili haliwezi kutimizwa, na mtumiaji hubaki akidhani kwamba maktaba haina kampaundi hiyo. Lipunguze sharti hilo, kisha uyakague majina yatakayokuja moja baada ya jingine kwa macho.

Pale kampaundi inapokuwa haimo

Ukishasafisha spektra, ala ikawa sawa, faharasa ikapatikana, na bado hakuna jina lenye alama ya 750, kubali kwamba huenda kampaundi haimo. Hapo spektra bado ina mengi ya kusema. Ioni ya molekuli yenye namba witiri huashiria idadi witiri ya nitrojeni. Ioni mbili zinazopishana kwa 2, ya pili ikiwa theluthi ya ya kwanza, huashiria klorini moja, na zikikaribia kulingana, bromini moja. Utafutaji mseto wa NIST, unaoruhusu vipande vilivyosogea kwa tofauti ya masi iliyopo kati ya kampaundi yako na ile ya maktaba, unaweza kukuonyesha jamii yake. Katika ripoti andika kile kinachothibitika, kwa mfano "seskwiterpini, masi 204, faharasa 1,472", na uliache jina wazi hadi kampaundi rejea itakapodungwa kwenye ala hiyohiyo. Mapendekezo ya jumuiya ya wanametabolomiki (wachunguzi wa molekuli ndogo za viumbe) ya mwaka 2007 huiweka kazi ya aina hiyo katika ngazi ya tatu kati ya nne, na mhakiki hatakulaumu kwa kuiandika hivyo.